Siku Mzee Alipobishiwa Mpira wa Vikapu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na hizo simu muweke kando kidogo. Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo msitafute maneno makubwa hapa.

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alikuwa seremala Dagoretti Corner, lakini moyo wake ulikuwa kwa mpira wa vikapu. Ujanani, Jumamosi akiweka randa chini, alikimbilia kiwanja cha simiti huko mjini. Mchezo wenyewe sijauelewa hadi leo. Nilichojua ni kwamba ukimwambia wachezaji wa zamani walikuwa wa kawaida tu, chakula kitapoa mbele yako akikufundisha.

Kisha kiharusi kikamshika. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakaisha kabisa. Daktari alisema yanaweza kurudi, yanaweza kukataa. Nikaweka sheria: hakuna redio, hakuna kelele, hata watu wa kanisa waombe kwa sauti ya chini. Si mgonjwa anataka kimya? Miezi mitatu nyumba yetu hapa Muthangari ilikaa kama ya matanga. Nikaanza kuogopa kwamba sitamsikia tena akiniita Mama Watoto.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, mwanangu na binti yake walikuwa wakitazama mchezo kwa simu wakinong'onezana. Mimi nachagua maharagwe. Mzee, ambaye msichana humwita Guka kama anavyoniita mimi Cucu, yuko kwa kiti chake, macho dirishani.

"Baba, huyu ndiye mkali wa wote," msichana akasema. "Hao wenu wa zamani wangemzuia na nini?"

"Na viwiko! Zamani watu walikuwa wanaumia. Sio hii densi yenu."

"Wacha hizo! Hata yule mchezaji Guka anampenda, leo angekaa benchi akibebea wenzake maji!"

Sauti zilikuwa zimepanda. Nikainuka niwanyamazishe.

"U... uongo."

Nikamgeukia mwanangu. Mdomo wake ulikuwa wazi, lakini hakuwa amesema kitu. Ni mzee. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapiga kiti.

"Rudia," nikamwambia msichana.

"Pole Cucu, najua ulisema tusipige kelele..."

"Nimesema rudia! Mwambie huyo wake si kitu!"

Akamgeukia mzee. "Guka, huyo wako... angekaa benchi."

"Hatua," mzee akasema. Akainua vidole vinne. "Hatua nne. Firimbi... wapi?"

Mwanangu akashika kichwa. "Anasema hawa wa siku hizi wanatembea na mpira na refa anawaangalia tu! Si ndiyo kesi yake ya kila siku!"

Mimi silii mbele ya watu. Nilienda jikoni kuangalia sufuria ambayo hata moto haikuwa nao. Nikamshukuru Mungu, kisha nikajigombeza, maana kile kimya chote nilikileta mimi.

"Mama... Watoto!" nikasikia kutoka sebuleni. Sauti imepinda, lakini ni yake. "Mwambie... huyu mtoto!"

Nikajifuta uso na leso, nikatoka.

"Kuanzia leo," nikawaambia wote, "nisimwone mtu hapa akimkubalia huyu mzee jambo lolote la mpira. Kila jioni mmoja wenu akae hapa ambishie. Na sauti iwe juu."