Mashina Yasiyoliwa na Kiwavi

Sipendi pengo. Nikisahihisha daftari nikakuta mwanafunzi ameruka mstari, mkono unaniwasha mpaka niujaze hata kwa alama ya kuuliza. Ni ugonjwa wa walimu. Wenzangu shuleni Moshono hunitania kwamba siku nikifa nitajifukia mwenyewe, nisije nikaacha shimo wazi. Zamani nilikuwa nacheka nao.

Mama yangu alikuwa na nusu eka kule Akheri. Yeye na wanawake wenzake wa kikundi walilima mahindi machanga, yale yanayovunwa yakiwa bado membamba kama kidole, yakapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Mbegu ililetwa na kampuni iliyonunua, na mkataba ulikataza kuchanganya mbegu nyingine yoyote. Siwezi kujifanya sikujua. Mimi ndiye niliyemsomea mama mkataba ule sebuleni kwake, kifungu kwa kifungu, naye akiitikia "eeh, eeh" kama yuko kanisani.

Msimu ninaoukumbuka, mbegu nyingi hazikuota. Ukisimama juu ya shamba uliona mistari ya kijani imekatika, hapa pengo moja, pale matatu yameongozana. Mama aliomba mbegu za kurudishia kwenye mapengo. Bwana shamba wa kampuni akasema zinakuja, na wiki mbili zikapita zinakuja. Jumamosi moja nikapanda kumsalimia mama, nikakuta ameshaondoka kwenda msibani. Nikabaki na jembe, jua zuri la asubuhi, na mapengo yale yananitazama.

Jikoni kulikuwa na kisado kimejaa mahindi makavu. Siku chache nyuma mama alikuwa amepeleka loshoro, ule mlo wa mahindi na maziwa mgando, kwa jirani aliyepata mjukuu, ameutia kwenye kisado hicho. Kwetu huwezi kumrudishia mtu chombo chake kitupu, ni kama umemwambia asikanyage tena kwako. Basi jirani alikiosha, akakijaza mahindi aliyoletewa na ndugu yake dereva wa malori. Yalitoka wapi, hakuna aliyeuliza. Zawadi haiulizwi hivyo. Zilikuwa punje nyeupe, kubwa, zinazolingana kupita kiasi, hata moja haikuwa na tundu la dumuzi. Nikashuka nazo shambani, kila pengo punje mbili, na kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza. Nilifurahi, nisidanganye.

Mama aliporudi hakuuliza kwa nini kisado kimepungua. Nami sikusema kitu.

Kisha wakaja viwavijeshi. Nilikuwa nimeshawaona kwa watu, lakini sikuwahi kuona shamba letu likiliwa namna ile. Majani yalitoboka, yakachanika, na ndani ya kila moyo wa shina kulikuwa na kinyesi chao kama unga wa mbao. Mama alipulizia dawa mara moja, kisha akaacha. Kikundi kizima kilikuwa katika hali hiyohiyo, na wanawake wakakutana njiani wanaulizana habari za viwavi kabla hawajaulizana habari za watoto.

Wiki tatu baadaye nilishuka shambani asubuhi, ukungu wa mlima ukiwa bado chini kiasi kwamba sikuuona mfereji. Nikatembea katikati ya mistari. Shina limeliwa, shina limeliwa, shina limeliwa, halafu moja zima. Fupi kuliko wenzake, lakini majani yake yalikuwa laini na kamili, hata tundu la sindano halikuwepo. Nikaendelea. Limeliwa, limeliwa, kisha zima tena. Nilianza kuhesabu hatua kabla sijajua kwa nini nahesabu, na kila nilipofika mahali nilipokumbuka nimeinama, nililikuta limesimama linanisubiri.

Kuku wa mama walikuwa nyuma yangu wanadonoa viwavi. Walikwenda shina kwa shina, na walipofika kwenye yale mazima walipita bila kusimama. Niliwatazama kwa muda mrefu nikitumaini hata mmoja angekosea. Nikaupanua moyo wa shina mojawapo kwa vidole. Ndani mlikuwa na vijidudu viwili vyembamba kama uzi, vyeusi, vimekauka. Niliuachia haraka nikajifuta mkono kwenye sketi, kisha nikajiona mjinga.

"Hayo yanalindwa," mama akasema. Sikumsikia alipofika.

"Na nani?"

"Sijui. Hata wewe hujui?"

Alinitazama kidogo, akainama kung'oa gugu. Nikasema hata mimi sijui.

Mahindi yakaanza kuvunwa, na mzigo mmoja wa kikundi ukazuiwa Ulaya. Bwana shamba alikuja na pikipiki, kijana wa watu, amevaa buti safi, na sanduku la plastiki kama la huduma ya kwanza. Akatueleza kwamba kwenye mahindi yetu kumeonekana vinasaba vilivyopandikizwa maabara, na kwamba wanunuzi wa kule hawataki hata chembe. Akapita shamba kwa shamba na wanawake nyuma yake. Alichuma kipande cha jani, akakiponda na maji kwenye kichupa, akatumbukiza kijikaratasi chembamba, kisha sote tukakitazama. Wanawake wale walikwisha kusubiri vikaratasi vya namna hiyo kliniki, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwa mwenyekiti, mstari mmoja. Kwa jirani yetu, mmoja, maana yake yeye mahindi yale alikuwa ameyapika tu. Kwa mama alichuma jani la shina zima, na mistari ikatokea miwili.

Mwanamke mmoja akapandisha sauti. "Kwa hiyo tunafukuzwa sokoni kwa ajili ya shina lisiloliwa na mdudu? Haya yetu yaliyooza kwa viwavi ndiyo mazuri?"

"Mama yangu, sijasema ni sumu," kijana akajibu, jasho linamtoka. "Nimesema mnunuzi hataki. Na mbegu hii si yetu. Mtu ameiweka."

Kampuni ikasimamisha ununuzi kwa kikundi kizima mpaka aliyeiweka ajulikane na shamba lake lisafishwe. Mahindi ya wengine, yenye mstari mmoja, yasiyo na kosa lolote, yakakomaa yakapita kipimo, yakapewa ng'ombe. Nilipita Tengeru siku hizo nikawakuta wanayauza mafungu kwa wanaofuga. Niliona aibu, nikajificha nyuma ya nguo za mitumba mpaka wakaondoka.

Kikao kilifanyika kwenye banda la kukusanyia mazao, saa tisa alasiri. Nilikwenda na mama, nikakaa karibu naye, tukamiminiwa chai. Mwenyekiti, mama mtu mzima tuliyezoea kumsikia akicheka kutoka ng'ambo ya mfereji, aliuliza swali moja tu: nani alirudishia kwa mbegu ya nyumbani? Baada ya hapo hakusema neno, na hakuna aliyesema neno. Nimekaa kwenye vikao vingi vya wazazi na walimu, najua kimya cha watu wanaoogopa na kimya cha watu waliochoka. Hiki sikukijua. Hakuna aliyemtazama mama, ingawa shamba lilikuwa lake. Walinitazama mimi, wote, bila hasira. Niliona nzi anatembea kwenye paji la uso la mmoja wao, naye hakumfukuza. Nikajiambia wananihurumia kwa sababu ya mama.

Mama akasimama. "Ni mimi," akasema, akakaa.

Walimwondoa kwenye kikundi alichokianzisha yeye na wenzake watatu. Kesho yake tuling'oa shamba lote, mazima na yaliyoliwa, tukayachoma. Nilikuwa na nafasi ya kusema siku nzima, na jua likazama sijasema.

Mvua zilizofuata, nilikuta shina moja kando ya mfereji, mbali na shamba, mahali ambapo hakuna aliyepanda. Labda punje ilinidondoka siku ile. Majani yake yalikuwa mazima. Nililing'oa nikalikanyaga mpaka likawa tope, na tangu hapo nikawa siwezi kupita kwenye mahindi ya mtu yeyote, iwe Olmotonyi au huku mjini, bila kuinama kutafuta tundu. Nikilikosa, natafuta kwenye jani la pili, na la tatu. Mwisho niliona nitachanganyikiwa. Nikaenda kwa mwenyekiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama mlangoni. Hakushtuka. Alinisogezea kigoda.

"Tunajua," akasema. "Jumamosi ile tulipita barabarani na kuni za msiba, mama yako yupo, mimi nipo, karibu wote tupo. Tulikuona umeinama na kisado. Hatukuona kosa, maana nani kati yetu hajawahi kurudishia? Kosa tumeletewa baadaye."

Nikamuuliza, kama walijua, kwa nini siku ya kikao hakuna aliyenitaja.

"Mama yako alituomba. Alisema, huyu ni mwalimu, mwacheni, atasimama mwenyewe. Tukakusubiri. Tulisubiri mpaka chai ikatupoa mikononi, mwanangu." Akanitazama kama walivyonitazama siku ile. "Wewe ulikunywa yako, ukaomba uongezewe."