Vidaka vya Mangapwani

Miaka ile ya mwanzo ya sabini kazi yangu ilikuwa kuhesabu vidaka vilivyoanguka. Mtaani kwetu Kikwajuni, ukimwambia mtu kwamba unalipwa mshahara kwa kuhesabu vinazi vichanga vinavyooza chini ya minazi, anakutazama kwanza aone kama u mzima.

Lakini kazi ilikuwa na maana. Kuna mdudu hufyonza vidaka, vikadondoka kabla hata ya kuwa madafu, na ofisi yetu ya kilimo ilitaka kupuliza dawa minazi yote ya upande wa Mangapwani. Mimi nilikuwa nimeona kwamba mnazi wenye maji moto, wale chungu wekundu wa kwenye viota vya majani, haudondoshi sana, maana chungu humfukuza yule mdudu. Dawa ingewaua chungu pamoja na mdudu, na anayerudi upesi ni mdudu. Mkuu wangu akasema sawa, lete hesabu. Bila hesabu dawa inapulizwa.

Nikaanza na shamba la bibi mmoja mjane, ambaye riziki yake yote ilikuwa minazi ile. Nikafika asubuhi kwa baskeli, jasho linanitiririka. Chini ya minazi palikuwa peupe, pana alama za ufagio tu.

"Shikamoo, Bi. Vidaka viko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nshavifagia na kuvichoma. Si ulisema leo unakuja?"

Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, akanipa dafu, na nilipokuja tena akawa amefagia tena. Basi nikaenda bila ya kumwarifu. Nikavikuta vidaka, lakini kabla sijainama bibi alishatoka na ufagio wake, ananigombeza kwamba mgeni gani huyu anaingia kwa watu bila ya taarifa, na huku anafagia. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Siku hiyo nilirudi mjini nimekasirika hata chakula sikukitaka.

Mwisho nilimwambia bila kupambapamba: "Bi, ukifagia, watakuja kupuliza dawa, na minazi yako itaharibika." Akauegemeza ufagio ukutani. Kisha akasema, "Haya. Lakini watu wakinisema mchafu, nitawaambia ni wewe."

Akaacha kufagia. Majirani walimsema kweli, naye akavumilia. Nikapata hesabu yangu, safi kabisa: chini ya minazi yenye chungu vidaka vichache, chini ya isiyo na chungu vimejaa. Nikampelekea mkuu wangu. Akaisoma, akaikunja, akasema anataka kuona kwa macho yake.

Nikampelekea bibi habari kwamba mkuu anakuja. Hilo tu nililosema.

Tulipofika, shamba lilikuwa linang'ara kama uwanja wa harusi. Hakuna kidaka hata kimoja. Nikatazama juu: viota vyote vya maji moto vilikuwa vimebabuliwa kwa mienge ya makuti. Bibi alikuwa amemkodi mkwezi.

"Wewe mwanangu chungu wakikuuma basi," akaninong'oneza, "lakini bwana mkubwa huyu, aumwe kwangu?"

Mkuu alikunywa madafu, akausifu usafi, akaniuliza chungu wako wapi. Nilisema nini sikumbuki. Ninachokumbuka ni bibi akitusindikiza mpaka kwenye gari, uso umemkunjuka, akiamini amenisitiri.

Dawa ilipulizwa. Zilipopita mvua nikaenda kumtazama, ingawa hakuna aliyenituma. Nilipiga hodi kwa shida. Chini ya minazi huoni udongo. Vidaka vimetapakaa, vingine vyeusi, vingine ndiyo kwanza vimeanguka, na juu makole matupu, hayana hata nazi moja.

Bibi alikuwa ameketi kizingitini. Shikamoo yangu aliipokea kama siku zote, akaniletea maji badala ya dafu, akauelekeza mkono wake shambani.

"Safari hii sikufagia, mwanangu," akasema. "Hesabu."