Togwa ya Siku ya Tatu

Mama mdogo alikuwa na kesi moja tu dhidi yangu, na ushahidi alikuwa nao: sijawahi kumaliza kitu. Nilipokuwa kidato cha tatu alinisubiri mwisho wa mbio za shule, khanga begani, mpaka watu wakatawanyika. Mimi nilikuwa nimekata kona njiani, nakula mapera. Baadaye nikaanza kuchimba vito Tunduru, nikaacha. Nikaanza korosho Nalasi, nikaacha. Hata ndoa nimeanza mbili.

Mwaka jana nikarudi Songea, miaka arobaini na tatu, kitambi kikinitangulia, nikajiandikisha mbio za siku tatu mfululizo.

"Jumapili nikitoka misa nitakaa pale mwisho," alisema. "Usinikalishe tena kama mzigo uliosahauliwa stendi."

Alhamisi alipika togwa, uji wetu wa kimea, chungu kimoja cha siku zote. Kwetu mtu wa kazi ngumu hapewi maji matupu. Ijumaa ilikuwa tamu, nikakimbia kwenda Peramiho kama mwizi wa kuku. Jumamosi, tukirudi, miguu ilikuwa magogo na togwa imeanza uchachu. Jioni nikajaza chupa ya kesho, nikaimwagia pakiti nzima ya glukosi, nikakaza kifuniko, nikajiona daktari. Aliyekulia kwetu anajua togwa ya siku tatu ukiipa sukari inakuwa nini. Nilijua vizuri sana. Nilitaka nguvu tu.

Jumapili, chini ya mlima Matogoro, nilipofungua chupa povu lilinirukia usoni. Sikuwa na kingine. Nikanywa. Miguu ikaacha kuuma, ikaacha pia kunisikiliza. Nikaenda hatua fupifupi huku nikicheua, na huo ndio mwendo niliopaswa kwenda nao tangu Ijumaa.

Mbele nikamkuta mwenzangu wa shule, sasa mwalimu, amekaa kando ya mtaro, msuli wa mguu umekaza, saa yake ya kisasa ikimlilia mkononi.

"Bwana Mapera! Bado uko barabarani?"

"Kunywa, mwalimu."

Akanywa. Akanitazama. "Hii togwa au kosa la jinai?"

"Ya mama mdogo."

"Mungu amzidishie."

Tulifika wa mwisho, tumeshikana mabega, wakati turubai linakunjwa. Mama mdogo alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Nilimwamkia kwa mbali ili pumzi yangu isimfikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea." Nikasogea. Akanusa. "Umelewa."

"Nimemaliza."

Aliutazama mstari wa kumalizia, akamtazama mwalimu aliyejilaza juu ya mstari huo, akaitazama chupa. Akaichukua, akaitikisa sikioni, akanywa yote iliyobaki, akajifuta mdomo kwa khanga.

"Kiti ni cha parokia," alisema akinyanyuka. "Kirudishe."

Nilikibeba kichwani mpaka mlangoni kwa katekista. Alinifuata nyuma njia nzima, kuhakikisha.