Bango la Kauboi Lililotupeleka Horohoro

Niliondoka Moshi kwa sababu ya karatasi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya mabango ya filamu za zamani za kauboi, hasa zile ambazo leo watu huzitazama kwa aibu, kwa jinsi zilivyowafanya wenyeji wa Amerika, tuliozoea kuwaita Wahindi Wekundu, kuwa washenzi wa kupigwa risasi tu. Mke wangu huniuliza kwa nini nisikusanye stempu. Mwalimu mwenzangu, Mwanaisha, ndiye aliyeniambia kwamba mjomba wake wa Tanga analo bango moja, na kwamba hapendi kulionyesha.

Asubuhi nikapanda basi. Same, Mombo, Korogwe. Milima ikabaki nyuma, na baada ya Segera mkonge ukashika pande zote mbili za barabara. Babu yangu aliteremka kutoka Usambara akaukata mkonge huo ujana wake wote, lakini siku hiyo mimi niliwaza bango tu.

Usagara, mtaa wa Tanga mjini, alasiri. Mzee Athumani, huyo mjomba, alinipokea barazani kwake, kanzu imenyooka kwa pasi. Zamani alifanya kazi kwenye jumba la sinema mjini, akibandika mabango na kuchana tiketi mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwanaisha hajambo? Na hiyo baridi yenu?"

Tulipomaliza chai na mkate wa kumimina, alileta mkeka uliokunjwa, akaukunjua taratibu. Ndani lilikuwamo bango. Kauboi juu ya farasi mweupe, bastola inatoka moshi; chini ya kwato, mtu mwenye manyoya kichwani ameanguka kifudifudi; nyuma yake mahema yanaungua. Mende walikuwa wamelila pembeni, lakini rangi zilikuwa bado kali.

"Stelingi akifyatua, watu walikuwa wanainuka vitini," alisema. "Na mimi nikipiga kelele kuliko wote. Siku moja nilikaa na sahibu yangu Kassimu, Mdigo wa kule Horohoro. Akaniambia, 'Athumani, wenzio wanachomewa nyumba zao, wewe washangilia nini?' Nikamcheka mbele za watu. Nikamwita Mhindi Mwekundu, ukumbi mzima ukadakia. Haukupita muda akahama mji. Hatujaonana tena."

Akalikunja bango.

"Nitakupa. Ila kwanza nipeleke kwake. Peke yangu nimeshindwa."

Kesho yake tulikodi gari na dereva wake. Njia nzima Mzee Athumani alilipakata bango, midomo ikimchezacheza kama mtu anayejikumbusha maneno ya kusema. Karibu na mpaka wa Kenya, malori yalikuwa yamepanga foleni yakingoja forodha. Tukaingia njia ya vumbi, tukaulizia, tukaonyeshwa nyumba.

Mzee Kassimu alikuwa uani akimenya muhogo. Alisimama, kisu mkononi, akamkazia macho mgeni wake. Kisha kisu kikaanguka. Walikumbatiana muda mrefu hata nikaona haya kuwatazama.

Tulipokwisha kuketi, Mzee Athumani alitandika bango mkekani, akaomba radhi kwa siku ile ya sinema. Mwenzake alilitazama bango, akamtazama yeye, akacheka.

"Ati nilihama kwa sababu ya hili? Nilirudi kumuuguza mama! Ya sinema nimeyasahau siku nyingi." Halafu kicheko kikamwisha. "Mama alikuulizia mpaka mwisho, Athumani. Alikuita mwanangu wa mjini. Nilikutumia habari ya msiba. Nikakutazamia mazikoni."

Mzee Athumani alifumbua kinywa. Wakati huohuo binti wa mwenyeji wetu akaleta maji ya kunawa na sinia la ugali na papa, akatukaribisha. Tukala. Wazee wakazungumza habari za magoti, za wajukuu, za bei ya nazi. Ya msiba hayakurudi tena.

Njiani kurudi Tanga, Mzee Athumani aliniwekea bango mapajani.

"Ile habari niliipata," akasema. "Sikwenda kwa kuwa nilidhani hataki kuniona. Sasa leo nimemwomba radhi kwa jambo alilolisahau. Lile analolikumbuka nimelinyamazia."

"Tugeuze gari, mzee."

"Leo leo tena? Acha. Nitakwenda mwenyewe baada ya Idi."

Dereva alipunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo. Ilitosha niseme neno moja. Sikulisema, na gari likaendelea.

Nilirudi Moshi na bango langu. Mabango yangu mengine najua yalichorwa wapi na yaliwaudhi akina nani huko yalikotoka. Sikuwahi kujiuliza ni akina nani wa kwetu waliokaa mbele ya filamu hizo, na walitoka ukumbini na nini moyoni. Hili moja nalijua, na limenitia uzito ambao sikuutarajia.

Idi imepita. Mzee Athumani hunipigia simu mara kwa mara, akaniuliza kama nimelitundika. Namwambia bado. Nami namuuliza kama amekwenda Horohoro. Naye huniambia bado.