Namba Mbili Zilizomfungia Nje Mnunuzi wa Mbaazi

Chama chetu cha wakulima wa mbaazi kina ofisi Maisaka, na humo kuna mashine inayopokea barua pepe za chama. Anayeitunza ni mjukuu wangu wa kike. Mimi ni mwenyekiti. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuamuru najua.

Msimu ule barua za matapeli zilitujaa. Mjukuu akanionyesha kwamba kila mashine inayotuma barua ina anwani ya namba nne zinazotenganishwa kwa nukta, na hizi za matapeli zote zilianza na namba mbili zilezile.

"Bibi, nizizuie moja moja?"

"Moja moja mpaka lini? Funga ukoo mzima."

Akaandika kwenye orodha zile namba mbili za mwanzo, na mbele yake: kataa. Kukatulia. Nikajisifu.

Jumatano asubuhi mnunuzi wetu akapiga simu, sauti imenuna. "Shikamoo mama. Barua zangu tatu mmezirudisha. Nisipopata jibu la mkataba kabla ya saa sita, lori nalipeleka kwa wengine."

Na ghala lilikuwa limejaa magunia mpaka mlangoni.

Mjukuu akatazama orodha. "Anwani yake nayo inaanza na zile mbili. Ni ule ukoo wako, Bibi."

"Basi futa."

"Nikifuta, matapeli wanarudi. Mashine inatafuta kwanza anwani nzima, namba zote nne. Isipoikuta, inakata ya mwisho, inatafuta tatu, halafu mbili. Ikikuta, inaishia hapo. Naandika anwani yake nzima: pokea. Kwenye zile mbili haitafika."

"Kumbe inamuuliza mtu kwanza, ukoo baadaye."

"Ndiyo. Siyo kama wewe na Mutuka."

Mwaka uliotangulia gunia moja la mbegu kutoka kijiji cha Mutuka lilikuja na wadudu, nami nikabandika karatasi mlangoni mwa ghala kukataza mbegu zote za Mutuka.

Mnunuzi akatuma tena, saa tano na nusu barua ikaingia, tukajibu, lori likaja. Jioni nikaiendea ile karatasi yangu ya mlangoni mwa ghala. Sikufuta Mutuka, mimi si mtu wa kufuta. Juu yake nikaandika jina la mama mmoja wa kule anayepembua mbegu vizuri kuliko mimi: pokea.

Kesho yake mama huyo akaja na debe lake la mbegu, akaisoma ile karatasi, akacheka mpaka akakalia debe.

"Shikamoo mwenyekiti. Na mume wangu je, bado yumo kwenye ukoo?"

"Marahaba. Alete mbegu nizione."