Keki Niliyompikia Mama Akailisha Jumuiya

Daktari alisema kilo arobaini. Mama alikuwa na thelathini na nane, na mwili wa namna hiyo, alisema, hauna akiba ya kufunga kidonda cha upasuaji. Akatupa wiki tatu. "Protini, dada. Mayai, maziwa, maharage, chochote atakachokubali." Kwamba uvimbe wa tumboni usingesubiri zaidi ya hapo, hilo alilisema kwa sauti ya chini, mama akiwa anavaa viatu.

Shida ni kwamba mama hakukubali chochote. Niliomba ruhusa kazini Makambako, nikafunga nyumba yangu ya Mahongole, nikahamia kwake kijijini Yakobi. Yai lilimnukia. Maziwa yalimrudi. Maharage yalimjaza tumbo mpaka akakosa pumzi. Alichokunywa ni chai ya rangi tu, na siku ya nne akaiangalia ile chai akasema, "Ningepata kitu kitamu cha kusindikizia." Mfa maji hukamata maji, mimi nilikamata neno hilo. Mama alitaka keki.

Kama nawe una mgonjwa asiyekula, usikate tamaa kwa keki ya kwanza. Yangu ilikuwa aibu. Niligawa unga nusu kwa nusu, ngano na soya, na soya yenyewe mbichi. Halafu kwa hofu nikafunua sufuria mara tatu kuchungulia, na asubuhi ya Njombe yenye ukungu haina huruma na keki. Ilizama katikati kama kaburi la zamani. Mama alionja, akaiweka chini.

"Mwanangu, hii ni keki au dawa ya ng'ombe?"

Nilicheka mbele yake. Nilipofika jikoni nililia, nikaanza upya.

Soya ikaange kwanza kwenye chungu kikavu, ukiigeuza taratibu, mpaka harufu ya maharage mabichi iishe na ije harufu ya karanga. Hapo ndipo uisage. Vikombe viwili vya ngano kwa kimoja cha soya, si zaidi. Nilitia mayai sita, kwa sababu yai likijificha kwenye keki mgonjwa halioni. Kikombe cha maziwa ya unga, karanga za kusaga, sukari kidogo na bekin pauda. Badala ya siagi niliponda parachichi moja lililoiva vizuri. Matunda ni epo mbili, yaani tufaha, za kukuna, ndizi mbivu na zabibu kavu. Parachichi litaipa rangi ya kijani, usiogope, mdalasini utaificha. Sufuria ya keki iweke ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, mkaa mwingi juu ya mfuniko na mchache chini. Kisha ondoka. Nenda kafue, kafagie uwanja, ila usifunue.

Ya pili iliumuka. Nilimpelekea kipande asubuhi na kingine alasiri, na sahani zikarudi tupu, hata punje haikubaki. Siku hiyo na zilizofuata nilioka kama mtu aliyeajiriwa. Wanawake wa jumuiya yake ya kanisani, wanakwaya wenzake, walikuwa wanakuja kila alasiri kumwombea, nami nikifurahi kuwa wakati huo napata nafasi ya kwenda sokoni kutafuta mayai.

Siku ya kumi tulikwenda kumpima. Thelathini na saba.

Nilimwomba nesi arudie. Akamvua mama kitenge cha mabegani, akamwomba asimame wima, akarudia. Mshale haukujali. Karibu wiki nzima sahani zilikuwa zikirudi tupu, na alikuwa amepungua kilo nzima. Njia yote ya kurudi sikumtazama. Nilikuwa nafikiria jinsi uvimbe unavyokula mayai yangu.

Kesho yake niliwahi kurudi kutoka sokoni, maana mayai hayakuwepo. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo. Nikamsikia mama:

"Pokea upesi, kabla hajarudi. Na wewe wa sauti ya tatu, sogea, jana ulikosa."

"Bintiyo anajua keki, dada!"

"Anajua. Ya leo kajaza zabibu."

Nilisukuma mlango. Mama alikuwa ameketi mbele, sahani mapajani yenye kipande cha asubuhi na cha alasiri, kijiko cha chai mkononi, akimlisha mwanamke wa nne. Watatu walikuwa tayari wanatafuna.

"Mama! Hiyo si ya wageni!"

Sikuwa nimewahi kumpandishia mama sauti. Yeye hakupandisha yake.

"Keki gani isiyo na wageni? Tangu nikuzae, umeona wapi mtu anakata keki halafu anajilisha mwenyewe?"

Alisema kweli. Kwenye kipaimara, kwenye harusi, kwenye sherehe ya kumuaga binti, mwenye keki ndiye anayelisha: wazazi, wasimamizi, majirani, kila mmoja na kipande chake mdomoni, na watu wanapiga vigelegele. Ningeita kile kitu mkate, labda angekula. Nilikiita keki, na mwenye keki hula mwisho. Mama hakuwa amefika mwisho hata siku moja, wageni walikuwa wengi.

Basi nikafanya alichonikataza tangu siku ya kwanza, kutangaza hali yake. Niliwaambia wale wanawake habari ya upasuaji, zile kilo arobaini, na jinsi jana mizani ilivyosoma thelathini na saba. Nilisema nimesimama, mfuko mtupu wa mayai mkononi, na mama akageuza uso ukutani. Mmoja wao alitoa tonge lake mdomoni akabaki amelishika kiganjani, hajui alipeleke wapi.

Kiongozi wa kwaya, mama mnene mwenye sauti ya ngoma, ndiye aliyesema kwanza.

"Kumbe tumekula nyama ya mwenzetu."

"Hamjashiba nayo," mama alisema, bado kaangalia ukuta. "Ni mifupa."

Wakacheka, huku wengine wanafuta macho. Yule kiongozi akamnyang'anya kijiko, akamsalimia Kibena kama ndiyo kwanza anaingia.

"Kamwene, dada. Kuanzia leo wenye sherehe ni sisi. Fumbua mdomo."

"Sina njaa."

"Nani kakuuliza njaa? Bibi harusi huwa anaulizwa njaa? Fumbua, au naanzisha wimbo na majirani wote waje."

Akafumbua. Walimlisha kwa zamu, mmoja mmoja, na kila kipande kilimchukua muda mrefu kukimeza. Cha tano alikitapika. Walimfuta, wakangoja, wakampa kingine kidogo zaidi.

Walikuja hivyo siku zote zilizobaki. Zipo siku alimeza vipande sita, zipo siku alimeza kimoja na kukirudisha. Mimi nilioka. Sikuthubutu kumpima nyumbani wala kumtazama mikono.

Siku ya mwisho mshale ulisimama kwenye thelathini na nane na nusu. Daktari aliinama kuusoma.

"Haijafika," alisema.

"Niongezee siku, baba," mama alimwambia. "Kilo zitakuja."

"Siku ndizo sina, mama." Aliandika, akafuta, akaandika tena. "Lakini sasa inapanda, haishuki. Tutafanya kesho asubuhi."

Sikujua kama hiyo ni habari njema. Nilipewa karatasi ya kusaini, nikasaini. Nesi alitupeleka kitandani, akanieleza kwa upole kwamba kuanzia saa mbili usiku mgonjwa asitie kitu mdomoni, hata maji.

Nilitazama saa ya ukutani. Saa saba mchana. Nilivuta kiti karibu na kitanda, nikafunua hotipoti niliyobebea keki, nikakata kipande kidogo kuliko vyote nilivyowahi kukata.

"Mama," nikasema, "fumbua."