Besi Iliyovuma Bila Kusema

Kwa miaka minne Anselm Mayala alipiga besi ya sanduku la chai katika bendi ya dansi ya mtaa wa Gongoni. Aliitengeneza mwenyewe, maana alikuwa seremala wa karakana ya reli pale Tabora: sanduku lililopinduliwa, fimbo ya mninga iliyosimama pembeni, na uzi mmoja mnene uliotoka katikati ya sanduku hadi kwenye ncha ya fimbo. Akiivuta fimbo, sauti inapanda, akiilegeza, inashuka. Siku ya kwanza watu wa Gongoni walimcheka. Mwezi wa pili walikuwa wakiuliza mlangoni mwa ukumbi kama Anselm yupo, ndipo waingie kucheza.

Kwa hiyo mwaka 1960, bendi ilipoagiza gitaa la besi la umeme kutoka Dar es Salaam, hakuna aliyeuliza nani atalipiga. Lilifika kwa treni, jekundu, lenye nyuzi nne, pamoja na amplifaya iliyobebwa na watu wawili. Mfaume, fundi cherehani aliyekuwa mwimbaji na kiongozi wa bendi, alilifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe.

"Bwana Anselm," alisema, "sasa Tabora nzima itatusikia."

Tabora iliwasikia kweli, ila haikupenda. Jumamosi ile ukumbini besi ilivuma mfululizo, noti moja ikiingia ndani ya nyingine, mpaka chupa zikatikisika mezani. Waliokuja kucheza walisimama kando, hawajui waweke mguu wapi. Anselm alidhani hawamsikii, akaongeza sauti. Mambo yakaharibika zaidi.

Jumatatu Mfaume alimfuata karakana.

"Sikufichi," alisema. "Wenzetu wanataka sanduku lako lirudi. Gitaa tulirudishe lilikotoka."

"Gitaa halina kosa," Anselm alimjibu, randa ikiwa bado mkononi.

"Umejuaje?"

"Nimelipiga bila umeme, nikaweka sikio kwenye mbao yake. Kila noti imesimama peke yake, safi kabisa. Sauti inachafukia njiani. Nipe mpaka Jumamosi."

Mfaume alimtazama, akaona mtu ambaye hana wasiwasi wowote. Akampa ufunguo wa ukumbi.

Jioni hiyo Anselm alikwenda na mkewe, Imakulata, aliyeimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa na aliyekuwa na sikio kali kuliko wanabendi wote. Anselm alipiga wimbo mzima. Imakulata alimsikiliza akiwa karibu, kisha akatoka, akavuka uwanja hadi barabarani. Aliporudi alisema, "Baba Josepha, pale nasikia mvumo tu. Wimbo siusikii."

Tangu gitaa lifike, Anselm alikuwa amelisikiliza akiwa hatua moja tu kutoka kwenye spika. Hajawahi kusimama pale wanaposimama wachezaji.

"Basi rudi hukohuko barabarani, mlango ubaki wazi tuonane," alisema. "Nitabadilisha kitu kimoja kimoja. Ikiwa afadhali, inua mkono. Ikiwa mbaya, kaa hivyohivyo."

Alianza na mahali. Amplifaya ilikuwa imewekwa kwenye kona ya jukwaa, na jukwaa lilikuwa la mbao, chini tupu. Alilipiga teke kwa kisigino, likalia kama ngoma. Akacheka mwenyewe: miaka minne alipiga sanduku, na sasa amekwenda kuweka spika juu ya sanduku kubwa kuliko lake. Aliivuta amplifaya kutoka kwenye kona, akaikalisha sakafuni juu ya gunia la mchanga. Hata hajamaliza ubeti wa kwanza, mkono wa Imakulata ulikuwa juu.

Kisha vitufe. Vilikuwa vitatu: cha kuongeza sauti, cha sauti nene, na cha sauti nyembamba. Kile cha sauti nene alikuwa amekizungusha mpaka mwisho, akiamini gitaa la besi linastahili unene wote uliopo. Alikirudisha chini ya nusu, akapandisha kidogo kile cha sauti nyembamba. Pale alipokaa, sauti ilimjia kavu, haina raha, naye akanyoosha mkono airudishe kama ilivyokuwa.

"Hapohapo!" Imakulata alipiga kelele toka barabarani. "Usiguse!"

Mikono ya Anselm mwenyewe ndiyo iliyompa kazi ya siku tatu. Alizoea kuvuta uzi wa sanduku kwa dole gumba, kwa nguvu za seremala. Nyuzi hizi hazikutaka nguvu. Aligundua kwamba akizigusa kwa nyama ya vidole viwili, amplifaya humsaidia. Akizivuta kwa hasira, humgeuka. Akipiga karibu na kidaraja kinachobeba nyuzi, sauti inakuwa ngumu. Akisogea kuelekea shingo ya gitaa, inakuwa ya mviringo na nzito. Alipapasa mpaka akapata mahali pake katikati, akapawekea alama ya penseli.

Tatizo moja lilibaki. Kwenye sanduku sauti hufa yenyewe. Kwenye umeme haifi, inangoja noti inayofuata na kuiharibu. Anselm alijifunza kulegeza kidole cha kushoto bila kukibandua, uzi ukakoma papo hapo. Halafu alikata ukanda wa blanketi kuukuu, akaukunja na kuupachika chini ya nyuzi, karibu na kidaraja.

Ijumaa Mfaume alipokuja kusikiliza, alisikia noti fupi, nene, kila moja na nafasi yake. Alianza kuimba bila kuambiwa.

"Umefanyaje?" aliuliza mwishowe.

"Kuupiga uzi anaweza yeyote," Anselm alisema. "Kazi iko kwenye kuunyamazisha."

Kesho yake watu walicheza tangu wimbo wa kwanza. Anselm aliweka alama za chaki kwenye vitufe vyote vitatu ili visipotee tena, akaona amemaliza.

Hakuwa amemaliza. Mwezi wa Julai watu wa redio walifika kutoka Dar es Salaam kurekodi bendi za bara. Fundi wao wa sauti, kijana mtanashati aitwaye Yoramu, alichagua darasa la shule lenye sakafu ya saruji, akasimamisha maikrofoni moja katikati. Anselm aliweka vitufe kwenye alama zake, bendi ikapiga. Kabla ya kiitikio Yoramu alivua spika zake za masikioni.

"Samahani, wazee. Besi inammeza mwimbaji. Tutarekodi bila besi."

Mtu ametoka Dar, ana mashine. Nani abishane naye? Mfaume aliinamisha kichwa. Anselm aliegesha gitaa ukutani, akaenda mpaka kwenye meza ya mashine.

"Bwana Yoramu, naomba hizo za masikioni. Dakika mbili tu."

Yoramu alishangaa, lakini akampa. Anselm alimwomba mpiga gitaa la pili achukue besi na kugusa nyuzi moja moja, mpiga dramu aendelee na mwendo wake. Akafumba macho, akasikiliza. Kuta za saruji zilikuwa zinairudisha kila noti mara mbili, na sauti ya ngoma kubwa ya dramu ilikuwa na unene uleule wa besi, zikagongana.

Alizifuta alama za chaki kwa kiganja. Alipunguza sauti kuliko alivyowahi kuipunguza, akaigeuza amplifaya itazame pembe walikotundika makoti yao. Koti lake mwenyewe alilikunja na kulisukumia ndani ya ngoma kubwa. Kisha akalichukua gitaa, akasogeza vidole inchi mbili kuelekea kidaraja.

"Sasa," alisema.

Yoramu alivaa spika zake, mkono ukiwa tayari kuwasimamisha. Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili. Mkono ulishuka polepole mpaka mezani. Wimbo ulipokwisha alimgeukia Anselm.

"Nani kakufundisha?"

"Mke wangu," Anselm alisema. Wenzake wakaangua kicheko, lakini yeye hakuwa akitania.

Wimbo ulitoka redioni mwezi wa Septemba. Dukani kwa Abasi, pale Gongoni, watu walijaa hadi barazani, Imakulata akiwa amempakata binti yao Josepha mbele kabisa. Spika ya redio ile haikuzidi sahani ya kikombe, na bado besi ilisikika noti kwa noti. Anselm aligundua kwamba kwenye ubeti wa pili amechelewa kidogo mara moja. Hakumwambia mtu.

Wiki chache baadaye Yoramu aliandika barua: bendi moja ya Dar inatafuta mpiga besi, naye amewatajia jina lake. Anselm alimsomea mkewe.

"Utakwenda?" Imakulata aliuliza.

"Huko hawatakosa mtu," alisema. "Hapa nipo mimi."

Alijibu barua siku hiyohiyo, kwa heshima na kwa ufupi. Mwaka uliofuata bendi iliagiza amplifaya ya pili, ya mwimbaji. Ilipofika stesheni, Mfaume hakuigusa. Alituma mtu karakana kumwita Anselm, aje aseme itakaa wapi.